Maziwa Yaliyoungulia Kwenye Jiko la Kioo

Mpendwa Mama Kulwa,

Najua hukutegemea barua yangu, tangu ulipochukua watoto ukarudi kwenu Maswa. Sikuandikii ili urudi. Nakuandikia kwa sababu ya jiko.

Siku hizi natunza nyumba ya dada mmoja hapa Mikumi. Kukata miwa kule Ruhembe kumenimaliza mgongo, sina tena kazi nyingine ya kukimbilia. Jiko lake ni la umeme, juu ni kioo kitupu, cheusi, unajiona sura. Aliyenitangulia alifukuzwa kwa kuunguza shuka na pasi, kwa hiyo jiko lile nililiogopa kama nyoka.

Jumanne huyo dada, bosi wangu, alinipigia simu kuwa anatoka Morogoro na wageni, nichemshe maziwa. Nikayaweka. Mara nyani wakaingia uani kwenye pipa la taka, nikawatokea na fimbo. Niliporudi, maziwa yalikuwa yamefurika na kugandia kwenye kioo, meusi kama lami.

"Baba Kulwa, unapika au unachoma mkaa?" Mama Asha, jirani, aliniuliza kwenye uzio huku akicheka. "Mwanaume na maziwa wapi na wapi!"

Nikachota majivu na mchanga, kama ulivyokuwa ukisugua sufuria zako pale tulipoishi Chanzuru mpaka zinang'aa mgongoni. Nilisugua mara tatu tu, nikasikia kioo kinalia. Mkwaruzo, urefu wa kidole. Simu ikaita tena: "Tumeshapita Doma."

Hapo nikakuona. Ulivyokuwa ukisugua huku umegeuza shingo barabarani, unasikiliza baiskeli yangu. Nilidhani unanisubiri. Kumbe ulikuwa unaniogopa. Siku ile ugali ulipoungua mbele ya kaka zangu, niliitupa sufuria miguuni pako nikasema, "Kwenu hawakukufundisha hata kusonga?" Wakacheka. Kesho yake nilikusikia unamwambia Kulwa, "Usishindane na ukoko, mwanangu. Loweka, usubiri."

Nikaloweka. Kitambaa cha maji ya moto, magadi niliyoyasaga laini, na ndimu. Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Kila gari lililopunguza mwendo barabara kuu, nilichungulia dirishani. Kisha nikaulaza wembe, nikakwangua polepole, weusi ukabanduka vipande vipande. Mkwaruzo ukabaki palepale.

Gari likaingia. "Shikamoo, baba," bosi alisema, maana ni mdogo kwangu.

Nikaisahau marahaba. Nilisema, "Bosi, nimeunguza maziwa. Na kioo nimekikwaruza kwa mchanga."

Akaenda jikoni, akapitisha kidole. Kisha akaniuliza, "Mikono yako je, haikuungua?"

Kazi bado ninayo. Lakini nilitoka nje nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nikakuwaza wewe. Miaka tisa tuliishi pamoja, sikuwahi kukuuliza swali kama hilo. Siku ile uliuzoa ugali wa moto kwa mikono mitupu, na mimi nikadai maji ya kunawa.

Nisamehe. Uliungua siku ile? Najua nimechelewa kuuliza.

Wabusu Kulwa na Doto.

Ni mimi,
Baba yao