Jina la Kabula

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeamka saa kumi na moja, nimesali, nimekunywa uji. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Buswelu yote ni tope. Nimenakili majina ya waumini wetu waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mimi, mwalimu mstaafu, ndiye katibu wa baraza la wazee wa kanisa, na ndiye ninayeyasoma makaburini alfajiri ya Pasaka, usharika unapongoja jua na kukiri kwamba wafu watafufuka. Majina kumi na moja. Mwandiko safi.

Jina la Kabula halimo. Kwa mujibu wa kanuni halistahili kuwamo: alifariki akiwa ametengwa.

Nimeliandika neno hilo, "halistahili", na nimeweka kalamu chini.

Jumanne, 15 Aprili

Milka, binti wa Kabula, alikuja asubuhi. Anauza dagaa sokoni kama mama yake alivyouza. Aliniamkia, akakataa kiti. Hakuja kulalamika. Alikuwa na swali.

"Babu, wewe ndiye uliyetufundisha kipaimara. Ulisema Mkristo alazwe miguu mashariki, ili siku akifufuka asimame akimtazama Bwana anavyokuja."

Nikakubali kwamba nilisema.

"Mama hakuwa na mzee wa kanisa kaburini. Wajomba walichimba walivyojua. Kichwa ndicho kiko mashariki. Sasa atafufuka amempa Bwana mgongo?"

Nilimjibu kwamba hiyo ni desturi tu, kwamba Mungu hashindwi kumgeuza mtu.

"Mbona wakati ule hukusema ni desturi tu?"

Akaniaga kwa adabu. Adabu yake imeniuma kuliko matusi.

Jumatano, 16 Aprili

Niandike mambo kama yalivyotokea.

Mwaka juzi Kabula alimpeleka mwanawe wa mwisho kwa mganga, huko Magu, akachinja mbuzi kwa ajili ya mizimu. Mtoto akafariki hata hivyo. Baraza likamtenga mama huyo na Meza ya Bwana. Hoja ilikuwa yangu.

Januari alikuja hapa nyumbani kutubu. Alikuwa amekonda, anakohoa. Nikamweleza utaratibu: barua kupitia kwa mzee wa mtaa wake, Jumapili tatu kwenye benchi la nyuma, kisha asimame mbele ya usharika. Akasema, "Mwalimu, kifua hiki hakitanipa Jumapili tatu." Nilidhani anatafuta njia ya mkato. Nilimwambia kwamba Mungu ni Mungu wa utaratibu.

Alikaa mbili. Alifariki Alhamisi, kabla ya ile ya tatu.

Mchungaji alikuwa safarini, uamuzi ukawa wangu. Kengele haikupigwa. Hakuna mzee aliyekwenda kuzika. Mchungaji aliporudi nilimwambia kwamba marehemu hakuwa amemaliza masharti. Sikumwambia aliyoyasema kuhusu kifua chake.

Kunyamaza huko ni uongo. Nimewaadhibu wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo.

Alhamisi, 17 Aprili

Kikao cha baraza. Nilikusudia kusema. Badala yake nikasoma muhtasari tu.

Mzee Petro, ambaye hutania hata msibani, alisema, "Mwalimu, siku ya hukumu wewe utamdai malaika barua ya utambulisho kabla hujamruhusu apulize tarumbeta." Wote wakacheka. Nami nikacheka.

Ninaogopa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Somo lilikuwa langu kulisoma. Yule mhalifu msalabani. Aliomba mara moja na akapokelewa siku hiyohiyo. Hakuandika barua. Hakuwa hata na Jumapili moja.

Nimelisoma somo hili kwa zaidi ya miaka thelathini. Leo nilirudia mstari mmoja mara mbili. Watu wakadhani ni uzee.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda Igombe, alikozikwa Kabula, kwa bodaboda. Milka alinipeleka kaburini, nyuma ya mawe makubwa wanapoanika dagaa. Udongo umeshuka kwa mvua. Hakuna msalaba. Ni kweli, kichwa kiko mashariki. Miguu imeelekea ziwani.

Nilimweleza Milka yote: kwamba mama yake alitubu kwangu, kwamba alinieleza hali yake, kwamba nilimchelewesha. Sikuomba anisamehe. Nilimwambia hili pia: aliyemfufua Mwana wake hazuiwi na jembe la wajomba wa Milka. Anayepaswa kuogopa siku ile si mama yake.

Alikuwa anageuza dagaa kwa mkono. Hakuinua kichwa. "Hayo umeniambia mimi, babu. Huko kanisani je?"

Pasaka, 20 Aprili

Makaburini saa kumi na moja na nusu. Taa za chemli, matope, watoto wamefungwa khanga kwa baridi. Nikasoma majina kumi na moja. Kisha nikasoma la kumi na mbili.

Minong'ono ilianza. Nikasema kwamba Kabula alitubu, kwamba toba yake niliipokea mimi kwa masikio yangu, na kwamba niliizuia kwa kanuni kisha nikamficha Mchungaji ukweli. Nikataja jambo lile la kifua. Sikuongeza maneno.

Mzee Petro hakutania. Jua likatoka. Wimbo ukaanzwa na mtu mwingine, kwa sababu mimi sikuweza.

Baada ya ibada nilimkabidhi Mchungaji daftari la majina na funguo za ofisi. Aliuliza ninataka nini. Nikasema: utaratibu uleule.

Jumapili, 27 Aprili

Benchi la nyuma. Sikuwahi kulikalia. Kuna nguzo mbele yake, madhabahu hayaonekani. Unasikia tu. Miaka yote hii nimewaweka watu hapa bila kujua kwamba hawaoni.

Wakati wa Meza ya Bwana wengine walikwenda mbele. Nilibaki na mlio wa viatu vyao vya mvua na harufu ya mbao iliyolowa. Nilimfikiria Kabula akikohoa mahali hapa, taratibu, asisumbue.

Milka alichelewa. Kulikuwa na nafasi mbele, lakini akaja akaketi kwenye benchi hili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Kitabu cha nyimbo alikishika katikati yetu.

Zimebaki Jumapili mbili. Nina miaka sabini na minne.