Mke Hakuwemo Kwenye Filamu

Kolkata, 14 Novemba 1988

Mpendwa dada Mandira,

Naomba unisikilize, maana wanangu siwezi kuwaambia. Marehemu mume wangu, karani wa posta, aliandika hadithi moja ya sayansi ya kubuni, ikatoka katika toleo la gazeti la sikukuu ya Durga, inamhusu mzee anayeipelekea ishara nyota ya mbali kila jioni, akijua jibu litachukua miaka arobaini, nami sikuisoma, nilisema kesho, tunaishi nyumba moja, haraka ya nini, basi ikatengenezwa filamu, na mwisho wa filamu jibu linafika, ukumbi mzima ukalia nami nikalia, na tulipotoka nikamwambia, "Baba Tukai, hawa ndio wanajua kusimulia! Yako, nasikia, inamwacha mzee mikono mitupu."

Akaniuliza, "Unasikia kwa nani?"

Nikajitia kurekebisha sari. Akacheka, akaninunulia karanga. Hakuandika tena, na Machi mwaka huu akafariki.

Sasa gazeti linataka kuichapa upya, wananiomba ukurasa mmoja wa kulinganisha hadithi na filamu, ndipo nikaisoma. Dada, ndani yake kuna mke. Kila jioni anapanda paani kushika waya wa kupelekea ishara kwa mti wa kuanikia nguo, akinung'unika, "Waambie wenzako wa nyotani wali unapoa." Maneno hayo ni yangu. Mzee anakufa, mke anapanda peke yake, anashika waya. Kwenye filamu hayumo kabisa. Je, niandike ukweli, au nisifu zote mbili ninyamaze?

Mama Tukai

*

Mama Tukai,

Pole sana. Kulia kwenye filamu si kosa. Waliitengeneza ili watu watoke wamefarijika. Kosa lako ni kukitia dosari chungu usichokionja. Lakini kuhusu kalamu yake, ulimuuliza kwa nini aliiweka chini? Hukumuuliza. Basi hujui, na usihukumu mara ya pili usichokijua.

Andika. Sema filamu ina jibu, haina mke. Hadithi haina jibu, ina mtu wa kushika waya. Sema ulichelewa kuisoma. Watu wa filamu usiwatukane, huenda bila wao hadithi ingesahaulika. Kisha waite wanao, uwasomee kwa sauti, wali ukipoa upoe.

Gazeti likitoka, niwekee nakala moja. Mimi nami niliona filamu tu. Unikumbuke.

Mandira