Bibi Harusi wa Masumbwe

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mwanangu. Huku mvua imeanza na mguu wa mama yako umepona. Unasema umejiunga na kundi la kwenye simu huko ugenini, unaandika kila siku na hakuna anayekujibu. Hali hiyo naijua.

Nilipoolewa, babu yako alikuwa akinunua pamba vijijini, wiki nzima hayupo. Nilimpenda hadi nikawa nanusa shati lake lililobaki msumarini. Pale Masumbwe sikumjua mtu. Basi nikawa natuma kadi za salamu redioni, zote kwake: mpenzi wangu, ua la moyo wangu. Mtangazaji alizisoma, nami nikangoja wasikilizaji wanisalimu kama walivyosalimiana wao. Kimya. Babu yako mwenyewe hakuwa hata na redio huko alikokuwa.

Jumamosi moja ikasomwa kadi ya Mama Kulwa wa Kahama, nisiyemjua: "Namsalimu yule bibi harusi wa Masumbwe. Mumeo tumeshamfahamu, mama. Sisi wengine hutuoni?"

Niliona aibu, kisha nikacheka peke yangu. Kwenye kadi iliyofuata niliwasalimu watu niliokuwa nikisikia majina yao tu, Mama Kulwa akiwa wa kwanza, nikamuuliza kama Kulwa na pacha mwenzake hawajambo.

Siku babu yako aliporudi, nilimpokea kwa kumtajia majina ya watu walioanza kunisalimu redioni. Akauliza, "Hao ni ndugu zako wa wapi?"

Nikamwambia, "Sijamwona hata mmoja. Lakini wanauliza kama umerudi."

Nakukumbuka sana,
Bibi yako