Rekodi Tuliyoifanya Antiokia

Sand Mountain, Alabama
Jumapili mchana, Januari

Kaka yangu mpendwa Lyle,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi Joanna na Tess wangu mdogo hamjambo, na kwamba mvua za huko Oregon hazijawaotesha ukungu mgongoni. Sisi ni wazima. Baridi imekuwa kali, bomba la jikoni liliganda na kupasuka, na mbwa wetu Biscuit amezeeka kiasi kwamba halibwekei tena gari la posta, analitazama tu likipita. Mimi bado niko kiwanda cha kuku, upande wa kufungasha, na magoti yangu yanaijua mvua kabla ya redio.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nisome taratibu mpaka mwisho, usiruke.

Pamoja na barua hii nimekutumia santuri. Ni ya Gar. Ndiyo, kaka, bendi uliyoianzisha bado inapumua, ingawa ulipoondoka watu kutoka Chattanooga mpaka Birmingham walishaifanyia matanga. Nafasi yako aliichukua Odell Pruitt, gitaa na sauti pia. Gitaa analiweza. Amezilegeza nyuzi mpaka zinanguruma kama lori la mbao linalopanda mlima, na anapiga polepole vile vile ulivyokuwa ukipenda. Taabu ilikuwa sauti. Anakaza mishipa ya shingo mpaka unamwonea huruma, lakini Marcy Tidwell, yule dada mrefu anayetupigia besi, alimwambia wazi kwamba anasikika kama mtu aliyebanwa kidole na mlango wa gari. Odell akamjibu, “Afadhali mimi ninasikika. Wewe besi yako tunaambiwa tu kwamba ipo.” Ndivyo tunavyoishi.

Mwaka jana kabla ya joto kuanza tulikwenda kurekodi studio moja Birmingham. Kuta zilikuwa zimefunikwa sponji na kila kitu kinang’aa. Tulipojisikiliza, tulibaki kutazamana. Uzito wetu wote ulikuwa umekauka. Zile kaseti tulizorekodi na wewe kwenye banda la kuku la Mjomba Grady, feni zikivuma ndani ya kila wimbo, zilikuwa na uhai kuliko kitu kile. Njiani kurudi Odell akaanza kusema habari za kuuza spika zake. Hapo nikajua nisipofanya jambo, Gar imekwisha. Na mimi sikuwa tayari iishe, Lyle. Mtu anayeshinda kutwa akipanga mapaja ya kuku kwenye trei anahitaji kitu kimoja duniani ambacho ni chake.

Wazo lililonijia ni Kanisa la Antiokia. Unajua nyumba ile inavyobeba sauti. Sakafu ni mbao, kuta mbao, dari mbao, hakuna zulia wala pazia. Wale wazee wakikaa katika mraba wao, wakitazamana, na kufungua vile vitabu vipana vyenye noti za maumbo, kila umbo na jina lake la kuimbwa, fa, sol, la au mi, sauti zao zinakugonga kifua. Mimi na wewe tulikuwa tukilala chini ya mabenchi yale huku baba na mama wakiimba juu ya vichwa vyetu. Sidhani kama ule uzito tuliutoa mahali pengine.

Lakini Antiokia haina siku nyingi tena. Waumini wamebaki wachache, wameamua kujiunga na kanisa la mjini, na nyumba itavunjwa majira ya kuchipua. Mbao zake zimeshapata mnunuzi, mtu anayejenga hoteli Nashville. Kwa hiyo kama ni kurekodi, ilikuwa sasa au basi. Na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa baba.

Nilimkuta jikoni akivunjavunja mkate wa mahindi ndani ya bilauri ya mtindi. Nikamweleza. Hakujibu. Nikahamia mbele yake nikaeleza upya, naye akanitazama mdomo wakati wote, nikadhani ananipima kama niko makini. Mwisho akasema kwamba muziki wetu unafanana na trekta linalozama matopeni.

“Ndiyo, baba,” nikamwambia. “Ndivyo tunavyotaka hasa.”

Kidogo acheke. Halafu akarudisha uso wake wa chuma, akasema mtu asiyeimba ndani ya nyumba ile hana haki ya kupiga kelele ndani yake. Tukitaka ufunguo, sote watatu tuje kukaa kwenye mraba kila Jumapili mpaka majani yaanze kudondoka. Nadhani alitegemea tutakimbia. Nikamwambia tutaonana Jumapili.

Shemasi Virgil Stallings alipopata habari aliitisha kikao, akasema babu zake hawakujenga kanisa ili mashetani wapate pa kufanyia mazoezi. Shangazi Ottie akamjibu kutoka benchi la nyuma, “Virgil, wewe ukiimba tu ng’ombe wa jirani Harlan wanavunja ua. Waache watoto waje.” Watu wakacheka na hoja ikafia pale. Shangazi Ottie anaendelea kutuita watoto, na Odell ana mvi za ndevu.

Basi tukaenda. Jumapili ya kwanza Odell alikaa upande wa besi na mikono yake yote ya michoro, na Shemasi Virgil akajivuta mpaka ukingoni mwa benchi. Odell na Marcy hawakujua umbo lipi linaitwaje, na mimi nilikuwa nimesahau. Tulikuwa tukiimba fa mahali pa la, wazee wakitucheka waziwazi. Mchana wakatushindilia chakula kwenye meza za nje, kuku aliyepikwa na matonge ya unga, maharage ya siagi, viazi vitamu, na Shangazi Ottie akawa anamsimamia Marcy amalize sahani, akisema mwanamke mwembamba hawezi kuimba alto. Joto la Julai lilipofika, feni zikiwa zile za mkononi tu, nilijua Odell ataacha. Hakuacha. Mwezi wa Agosti nilimwona Shemasi Virgil amemwinamia, anamwonyesha kwa kidole mstari walipofika. Marcy aliambiwa ana sauti ya kuita nguruwe kutoka ng’ambo ya bonde, na huku ni sifa.

Lakini faida kubwa ilikuwa kwa sauti ya Odell. Wazee wale hawapambi wimbo wala hawaupunguzi. Wanafungua kinywa na kuutoa wote kama ulivyo. Siku moja, tukiwa tunafanya mazoezi kwetu, Odell akaacha kupayuka, akaimba vile. Marcy aliacha kupiga. Hakuna aliyetania. Tukarudia wimbo mzima kuanzia mwanzo.

Oktoba baba alinipa ufunguo. Tulihamisha vyombo Jumamosi asubuhi, spika tukazipanga ukutani nyuma ya mimbari, dramu zangu nikaziweka katikati kabisa, mahali anaposimama kiongozi wa wimbo. Marcy ndiye aliyejifunza kurekodi, akatundika maikrofoni kwenye boriti. Baba alikuja pia. Alisema amekuja kulinda sakafu isichubuliwe. Akakaa benchi la mbele, akavua viatu, akavua na soksi, akaweka nyayo zake kwenye mbao. Nilidhani ni miguu inamsumbua.

Odell alipopiga nyuzi mara ya kwanza vioo vya madirisha vililia, na kiota kikavu cha nyigu kikaanguka kutoka darini juu ya kitabu cha wageni. Uzito wetu ulikuwa umerudi, Lyle. Ulikuwa umerudi na zaidi. Lakini mimi nilikuwa na wasiwasi, nikaanza kukimbiza mwendo, unajua ninavyokuwa. Tulirudia, nikakimbiza tena. Ndipo baba akasimama. Alikuja mbele yangu peku, akanyanyua mkono, akaanza kuukata hewani, chini, juu, chini, juu, kama anavyowaongozea wazee. Aliushusha polepole kiasi kwamba niliona aibu kuupita. Nikamfuata. Odell na Marcy wakanifuata mimi. Sijawahi kupiga dramu vile maishani mwangu.

Wazee walikuwa nje wakisubiri kutulisha. Waliposikia, wakaanza kuingia mmoja mmoja, Shangazi Ottie na fimbo yake mbele, hata Shemasi Virgil. Wakakaa kwenye sehemu zao za mraba kuzizunguka dramu, na Odell alipofika kwenye ule wimbo wako, ule ambao hukuwahi kuutafutia maneno, wakauimba kwa majina ya maumbo, fa, sol, la, kwa nguvu zao zote. Ndio wimbo wa mwisho upande wa pili wa santuri. Ukisikiliza vizuri, kuna sauti moja ya besi iliyo nje ya wenzake, iko chini kidogo ya pale inapotakiwa. Marcy alitaka kuipunguza. Nilimkataza. Ni ya baba.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Baba alinitaka niape kwamba sitakwambia, nami sikuapa.

Tulipomaliza, Odell alizima spika, akamwita baba kutoka nyuma ampe mkono. Akamwita tena. Alikuwa hatua chache tu nyuma yake, anaita kwa sauti ile ile ya kupasua vioo, na baba hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, anatazama mguu wangu ulio kwenye pedali, anasubiri uanze tena. Nikasubiri wengine watoke kwenda kula, nikakaa mbele yake, nikamuuliza, “Baba, unanisikia?”

Akasema ananiona.

Nikamuuliza tangu lini. Alisema mashine za kiwanda cha soksi alikofanya kazi zilianza kumla masikio zamani, sauti za juu zikatangulia kwenda, na kufikia wakati mama anaugua alikuwa akibahatisha. Sasa maneno yamekwisha kabisa. Nyimbo anazijua kwa moyo, midomo ya watu anaisoma, ndiyo maana husimama katikati na kumtazama kila mtu usoni, na sisi tukadhani ni ukali. Hakumwambia yeyote kwa sababu aliogopa watamwondoa kwenye mraba. Alisema, “Wangenifanyia upole, Renae. Siutaki.” Halafu akagonga sakafu kwa kisigino. “Lakini huu wenu umenipanda kuanzia miguuni mpaka hapa,” akaweka mkono kifuani. “Nilikuwa nimesahau.”

Kisha akaniuliza swali ambalo tangu siku ile halijaniacha nipumzike. Aliniuliza, “Lyle aliniambia nini ile Krismasi?”

Kaka, ile simu. Ulinieleza mwenyewe ukilia kwamba ulimfungulia baba moyo wako wote, habari za mazishi ya mama na alivyokukataza kumpigia gitaa kaburini, ukamwomba msamaha na ukamwambia na yeye alivyokuumiza, na kwamba alikusikiliza mpaka mwisho, akasema “haya,” akakata. Tangu hapo hujampigia tena na sikukulaumu. Lakini hakukukatia kwa hasira, Lyle. Hakusikia hata neno moja. Mimi ndiye niliyempa simu nikamwonyesha jina lako, na yeye alisikia mvumo tu, akajua ni wewe unaongea, akaishikilia simu sikioni mpaka mvumo ulipokoma, akasema haya kwa kuwa hakuwa na lingine la kusema. Amekaa na mvumo ule muda wote huu, akijiuliza.

Nilijua ulichomwambia, lakini sikumjibu. Maneno yale ni yako, na mengine yanamkata yeye, na si mimi wa kuyabeba. Nilimwambia nitakuuliza. Ndipo akakasirika na kutaka niape.

Kwa hiyo mwandikie. Usipige, andika, kwa karatasi, yote uliyoyasema siku ile, hata yale makali. Usimfanyie upole. Macho yake ni mazima, anasoma gazeti bila miwani. Nami huku sijakaa bure. Nimempangia daktari wa masikio Huntsville, amesema haendi, na mimi nimesema nitamtia garini kama gunia la mahindi. Odell ameahidi kushika miguu.

Jumapili ya mwisho kabla Antiokia haijavunjwa tutapiga pale nyimbo zote za santuri, na wazee wakiwa kwenye mraba wao. Baba ataongoza. Hajui bado kwamba nimewaambia wazee juu ya masikio yake, na kwamba Shangazi Ottie alinijibu kuwa walijua kitambo, na hakuna aliyewahi kuwaza kumwondoa. Nafasi ya gitaa la pili iko wazi. Sikubembelezi. Nakwambia tu iko wazi.

Nisalimie wifi Joanna, mbusu Tess kwenye mashavu yote mawili, mwambie shangazi yake anamtunzia jozi ya vijiti vya dramu. Odell na Marcy wanakusalimu kwa dhati, na Shangazi Ottie anauliza kama huko mnakula vizuri. Baba hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba ninaandika. Nitamwambia kesho jioni, posta ikishafungwa, ili asiweze kunifuata kuirudisha.

Ni mimi dada yako,
Renae