Shosho, Nimeshuhudia Kwamba Nimepona

Shosho mpendwa,

Baba bado ananiita Mami. Mtoto aliyepewa jina la mama yake atamwita nini kingine? Ulipokuwa hai nililipenda jina hilo. Baba alikuwa na mama wawili nyumba moja, mkubwa na mdogo, wote na kisukari. Unakumbuka tulivyokaa mezani kabla ya chakula cha jioni, kila mtu na sindano yake? Mimi niliogopa. Wewe ulifunua tumbo kwanza ukasema, "Haya wajina, tudunge hiki kitambi kabla ugali upoe." Nilicheka hadi nikasahau kuogopa. Chai isiyo na sukari ikiletwa, ulimlalamikia Mama kwamba anatulisha kama wafungwa.

Miguu yako ilipoanza kufa ganzi hukusema. Tulijua siku ulipofika nyumbani na ndara moja, nyingine imebaki njiani na wewe huna habari. Baba alirudi kuitafuta. Tangu siku hiyo alikushika mkono kila mlipokwenda, mpaka mwisho.

Sasa, Shosho, tangu nimalize shule mguu wangu wa kushoto unaniacha. Si ganzi kama yako. Unatetemeka wenyewe, kisha unalegea kama si wangu, halafu baada ya muda unarudi. Siku nyingine ni mkono. Nikipima sukari, iko sawa. Mara ya kwanza nilianguka uani nikianika nguo. Baba alinishika mabega akasema, "Mami, usinifanyie hivi tena."

Hiyo "tena" haikuwa yangu. Mimi sijawahi kumfia.

Alinipeleka kwa daktari wa neva, katika yale majengo marefu ya Westlands ambako Baba husubiri wateja wa teksi yake. Nilipigwa picha za kichwa na za mgongo, nikatolewa damu. Tuliporudi kwa majibu, daktari alisema, "Vipimo vyote viko sawa. Sijaona kitu."

Nikauliza polepole, "Sasa ni nini?"

"Bado sijui. Tutaendelea kuangalia."

Baba hakusikia hilo la pili. Alikuwa ameshamshika daktari mikono yote miwili, anamshukuru Mungu. Ndani ya lifti mguu ukaanza kutetemeka, nikaubana ukutani. "Si umesikia mwenyewe, Mami? Hakuna kitu!" alisema, machozi yakimtoka.

Kabla hatujafika nyumbani alikuwa ameshampigia pasta. Unajua kanisa letu: aliyepona husimama mbele akashuhudia. Mimi, ambaye hata darasani nilijibu nikiangalia dawati! Jumapili asubuhi Mama alinifunga kitambaa kichwani akaninong'oneza, "Lakini unajisikia umepona?"

"Sijui, Mama."

"Basi sema kidogo tu. Baba yako amengoja sana siku kama hii."

Nikasimama. "Bwana asifiwe," nikasema. "Daktari hakuona kitu." Nilisema hayo tu, na ni kweli. Akina mama wakapiga vigelegele. Baba akacheza pale mbele, Shosho, yeye ambaye hajacheza tangu tukuzike. Watu walimkumbatia wakimwambia Mungu amemrudishia mama yake.

Tangu siku hiyo haniulizi tena kuhusu mguu. Ugonjwa wako ulikuwa na jina. Watu walijua wakupikie nini, wakuombee nini. Wangu hata daktari hana pa kuuweka, na sasa mimi mwenyewe nimeufungia mlango mbele ya kanisa zima. Chuo kinafunguliwa hivi karibuni na madarasa yako juu ghorofani. Usiku nafikiria zile ngazi. Mara nyingine nafikiria labda ni mimi ninayejifanya bila kujua, kisha mguu unaanza, na sijui nimwamini nani.

Jana jioni mguu uliniacha nikiwa jikoni. Nilianguka na kila kitu nilichokuwa nimeshika.

"Mami! Nini hiyo imeanguka?" Baba akaita kutoka sebuleni.

"Ni sufuria, Baba."

"Haijakuchoma?"

"Hapana. Ilikuwa tupu."

Akaendelea kutazama habari. Nikabaki sakafuni, mgongo kwenye kabati, nikiungoja mguu.

Pumzika, Shosho. Ningekuwa na mwingine wa kumwambia, nisingekusumbua.

Mjukuu wako