Kamera ya Chuma na Kilimia cha Bibi

Mjomba,

Shikamoo. Nimezoea marahaba yako ije na kikohozi mbele yake, kwa hiyo nimeingoja kidogo kabla ya kuandika mstari huu. Haya, tuendelee.

Ulituachia studio, mkoba, flashi, na kamera iliyokufa kabla yako kwa chumvi ya Lindi. Baada ya arobaini wazee walikaa, wakasema kazi ya mjomba ataishika mpwa, wakanichangia fedha ya kamera moja. Moja tu. Mwanao Saidi alikubali kwa mdomo, ila mlangoni akanivuta kanga. "Somoe, harusi ya kule Sudi ikiharibika, chumba kile naweka mitumba." Unamjua Saidi, kitu hasemi mara mbili.

Dukani tulikwenda wawili, kila mtu na lake moyoni. Siku hizi bidhaa zimejaa, Mjomba, kamera za Dubai zimepangwa kama sabuni. Saidi akashika moja nyepesi, inajivutia mkanda wa picha yenyewe, flashi humohumo, bei nafuu. Kwa harusi na picha za pasipoti sina cha kuisema vibaya. Nikamuuliza muuzaji, "Nikitaka pazia la ndani likae wazi, mwanga uingie mpaka mimi niseme basi, litakaa?" Akacheka. "Dada, hii inajiamulia."

Inajiamulia! Sasa nyota za Bibi nitazipigaje? Mama yako, kule Rutamba, tangu usichana wake hashiki jembe kabla hajakiona Kilimia, kile kishada cha nyota za kupandia, kwa macho yake. Macho ya mbali yamekwisha. Kitu anakiona akikileta puani. Wakimwonyesha kwa kidole anawafukuza, "Mimi si mtoto." Wewe ulimwahidi kumpigia picha ya nyota zile azishike mkononi. "Nipe msimu mmoja, mama." Msimu hukuupata. Na tangu tukuzike mvua zimeanza, majirani wamepanda, yeye amekaa barazani tu, hata kula hataki. Nilimwona, Mjomba. Niliogopa tutamzika na yeye.

Chini ya rafu palikuwa na kamera ya mtumba, ya chuma, nzito, bei ileile. Ile nyepesi ingenipa harusi. Hii ya chuma ingenipa vyote viwili, au ingeninyima vyote viwili. Nikaipima kama ulivyokuwa ukipima. Nikafungua mgongo, nikaielekeza mlangoni, nikaweka kwenye B, alama ya pazia kukaa wazi, nikabonyeza na kushikilia. Mwanga ukaingia, ukakaa. Nilipoachia, ukakatika. Nikamulika lenzi kwa tochi kutafuta ukungu. Saidi akasonya. "Mambo ya baba hayo. Nunua chuma chakavu, tutaonana." Nikanunua.

Kule Sudi harusini nilikwenda na mkanda mmoja. Kila nikibonyeza namwomba Mungu, maana picha huioni mpaka mkanda ukasafishwe Dar na kurudi. Picha mbili za mwisho nikazibakisha. Baada ya isha nikazunguka nyuma ya nyumba ya wenyeji, penye giza, nikasimamisha stendi yako, ile yenye mguu uliofungwa mpira wa baiskeli.

Ya kwanza nikaipima kwa Fatiha moja, mwendo wa kuswalisha, kisha nikaachia waya wa kubonyezea. Wewe hukuwa mtu wa saa. "Fatiha inatosha, na thawabu juu. Ukizidisha nyota zinatembea, utaniletea vijiti badala ya nukta." Ya pili nikaanza hivyohivyo. Lakini nilipofika amina, mdomo haukusimama. Kwetu siku hizi tukisoma Fatiha tunakusomea wewe. Nikaingia kwenye Yasini, nikalia, nikaisoma yote. Kidole kilikuwa bado kimekamata waya. Nilipokumbuka, ah! Mkanda ndio umeisha.

Kisha mvua zikakata barabara, mabasi yakakwama. Baba wa bibi harusi alikuwa akinipitia, "Vipi, binti, picha?" Nami nacheka kwa meno tu. Saidi akaja na kamba, akapima ukuta wa studio aone meza ya mitumba itakaa wapi. Nami, Somoe mwenye mdomo huu, nikamshikia ncha ya kamba!

Bahasha ya Dar ilipofika aliifungua Saidi. Harusi ilikuwa imetoka yote, hadi hina mikononi inaonekana. Aliikunja ile kamba akaitia mfukoni.

Picha za nyota niliagiza zikuzwe, nikazipeleka Rutamba. Nikampa Bibi ile nzuri, nukta safi, kazi ambayo ungeisifu. Akaileta puani, akaigeuza juu chini. "Hapa pana nini? Karatasi nyeusi." Nukta zilikuwa ndogo mno kwa macho yake. Nikatoa ile ya pili kwa aibu, vijiti vitupu.

Akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akaufuata mpaka mwisho, akahamia wa pili, wa tatu. Midomo inamcheza.

"Hizi hapa," akasema. "Zimeshikana, zinakwenda." Kisha, "Mwanangu kaniletea."

Nilitaka kusema ni mimi niliyepiga. Unanijua. Nikayameza. Ila aliponiuliza mbona zimekwenda mbali hivyo, nikamwambia kweli: "Nilikuwa namsomea, Bibi."

Akalia, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Alipomaliza akaomba maji, akaomba ugali, na kulipokucha nikasikia jembe linakwaruza nyuma ya nyumba.

Lala, Mjomba, Mungu akupe nuru huko uliko. Studio nitaifungua kila siku. Na mwakani Kilimia kikirudi, nitakipiga tena. Nitakusomea Yasini mpaka mwisho, na safari hii makusudi.

Mpwa wako,
Somoe