Kidude Kilichosema Bado

Mdogo wangu, uliyenyonya ziwa moja nami,

Salamu zangu zikukute umekaa, si umelala. Vipi magoti? Na yule paka wako mwizi, bado yupo? Mimi nipo. Mgongo unalalamika asubuhi, mchana unanyamaza, basi tunavumiliana. Miaka miwili sijakutumia hata salamu ya mdomo, najua. Usiikunje barua kwanza, isome mpaka chini.

Anayeandika si mimi, unanijua, mimi na kalamu hatujawahi kufahamiana. Ni mjukuu wetu Mdadisi, yule aliyekuwa anauliza kwa nini maji yanachemka mpaka ukamfukuza jikoni na mwiko. Sasa ni mwanamke mzima, kazi yake kubuni vidude. Hapa ananiambia niseme vifaa. Mimi nasema vidude, na yeye aandike hivyo hivyo.

Sasa nikueleze hicho kidude chake. Ni cha kushika mkononi, ukubwa wake kama kipande cha sabuni kilichoogewa wiki moja. Kina kioo kidogo cha kutoa namba, na chini kimetoka kijiti cha chuma. Unakichovya kwenye sufuria, kinapima chumvi, kisha kinakwambia. Ndiyo, kinasema kabisa! Alikibuni kwa ajili ya wanaopika nyumbani na hawajiamini, waliooana juzi, wanaume waliofiwa na wake zao, wasichana waliokulia kwenye vitabu. Ila kijiti kinajua chumvi ni ngapi tu, hakijui ngapi ndiyo tamu. Hapo ndipo alipokuja kwangu. Akaniuliza, Bibi, ukisema chumvi kiasi, kiasi ni ngapi? Nikamwambia kiasi ni kiasi. Akauliza ni kijiko au nusu kijiko? Nikamwambia kijiko ni cha kukorogea chai, chumvi inapimwa kwa ulimi. Akacheka mpaka akakaa chini, akasema basi ataazima ulimi wangu.

Akanipeleka kazini kwao. Meza ndefu nyeupe, nyaya zimetapakaa kama tambi, viti vinazunguka. Nilikalia kimoja kikanigeuza, nikajikuta naongea na ukuta. Fundi wao wa kompyuta, baba wa watoto wawili ila mwembamba kama kile kijiti chao, alikuwa amepanga sufuria nane za supu ya maharage, kila moja chumvi yake imezidi ya mwenzake. Kazi yangu kuonja na kusema neno moja kati ya matatu: bado, imekaa, imezidi. Fundi anaandika, na mashine inashika sauti yangu, maana Mdadisi alitaka kidude kiseme kwa sauti ya bibi yake.

Nikaonja ya kwanza, bado. Ya pili, bado. Ya tatu mpaka ya sita, bado. Nikasema imekaa kwenye ya saba, imezidi kwenye ya nane. Fundi naye akaionja hiyo ya saba, akakohoa, akanywa glasi mbili za maji. Akasema kwa adabu, labda Bibi arudie. Mdadisi akamjia juu: huyu amepikia harusi miaka arobaini, wewe hata yai linakushinda! Fundi akaandika imekaa. Mimi nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikokuwa kubaya.

Vidude thelathini vikapelekwa majumbani vijaribiwe. Mdogo wangu, fikiria majiko thelathini, sauti yangu inasema, "Bado. Bado." Watu wakaongeza. Mmoja alikuwa amealika wakwe, wakwe wakaomba maji kabla hata ya tonge la pili. Mwingine mume wake ana presha, akalazwa siku mbili. Ametoka, tumshukuru Mungu, lakini kidude kilirudi kimeviringishwa kwenye gazeti na kikaratasi ndani: mwambieni bibi yenu anyamaze. Vyote vimerudi, vimejaa kwenye boksi hapa chini ya kitanda changu.

Mdadisi akasimama mbele ya wakubwa wake akasema kosa ni lake, alikosea hesabu. Wiki ya tatu sasa yupo kwangu. Kila siku anavitoa kwenye boksi, anavifungua mezani, anapekua kimoja kimoja kama mtu anayechambua mchele. Mwisho wa mwezi asipoonyesha kosa liko wapi, kidude kinatupwa, na yeye anarudishwa kuchora maboksi ya kufungashia vitu vya wenzake. Mimi nampikia uji asiokula. Na hata siku moja hajanitazama vibaya. Anasema ulimi wa Bibi ndio kitu pekee ambacho hahitaji kukipima.

Sasa, mjukuu wangu, hapa nikisema, andika. Usinitazame mimi, tazama karatasi.

Mdogo wangu, siku ile ya shughuli, miaka miwili iliyopita, ulinivuta kando jikoni ukaninong'oneza, "Chumvi imezidi, dada." Kwa heshima kabisa, hakuna aliyesikia. Nami nikakujibu mbele ya watu wote kwamba aliyenifundisha kupika yuko kaburini, na wewe hujawahi kunishinda hata kuchemsha maji. Ukachukua mkoba wako ukaondoka. Wengine walikula wakanisifu, maana mimi ndiye wanayemwita Mama Shughuli, nani atanikosoa?

Ulikuwa sahihi. Ile homa iliyonilaza, mwezi mmoja kabla ya shughuli hiyo, ilipoondoka iliondoka na ulimi wangu. Nilijua siku nilipong'ata limau nikawa kama natafuna karatasi. Watu husema ulimi hauna mfupa. Wangu hauna kitu chochote. Toka siku hiyo napika kwa mazoea na kwa kutazama nyuso za wanaokula, na nyuso zinanidanganya kwa adabu. Pale kwenye meza nyeupe sikuonja kitu. Sufuria zote nane zilikuwa maji ya moto tu. Nilikuwa naotea. Nikaona nikisema bado, bado, nitaonekana mjuzi asiyeridhika upesi.

Ningeweza kumwita mshonaji wa jirani aniandikie barua hii. Nimemwita huyu makusudi, maana kumwambia usoni kumenishinda wiki tatu. Nimepitia kwako ili nimfikie yeye. Unisamehe na hilo pia.

Andika, mama. Mbona kalamu imesimama?

Tumerudi, mdogo wangu. Alitoka, nikasikia makabati ya jikoni yanafunguliwa, nikajua anatafuta vyombo vyake aondoke. Akarudi na vijiko viwili, akaniambia nifumbe macho. Kimoja, kisha kingine. Akauliza kipi kina chumvi. Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni, kama kawaida yangu. Nikalimeza, nikasema sijui. Miaka arobaini jikoni, neno hilo ndiyo mara yangu ya kwanza kulisema. Kumbe cha kwanza kilikuwa maji yaliyojaa chumvi, cha pili maji matupu.

Hakunigombeza, hakunikumbatia. Alikaa akaokota kalamu. Ameuliza jambo moja tu, kama yupo mtu aliyewahi kuniambia kwamba chumvi yangu imezidi. Nikamwambia yupo, ndiye tunayemwandikia.

Basi njoo kabla mwezi haujaisha, na ulimi wako. Sufuria atazipanga tena. Sauti yangu itafutwa, iwekwe yako, na la kwanza kulisema kwenye mashine liwe lile ulilolisema kwa kuninong'oneza. Safari hii sema kwa nguvu, nisikie.

Nisalimie shemeji, na huyo mwizi umkune kichwa.

Ni mimi dada yako. Hapa chini ni dole gumba langu.